Beba ile nyeusi: bia ya nyumbani kwa mashimo 18

Swali la msomaji: "Naishi Houston, Texas, na ni mwaka wa pili tangu nianze kupika bia nyumbani. Jumamosi ya mwisho ya Julai tutacheza gofu watu wanne, mashimo yote 18, na wenzangu wameniomba nilete bia yangu. Kwenye friji nina aina nne: IPA (ile bia chungu yenye maua mengi ya hopsi) ya kilevi asilimia 7, bia ya ngano ya Kijerumani ya asilimia 5.3, bia ya mtindo wa mji wa Köln, Ujerumani, ya asilimia 4.8, na bia nyeusi ya Kiingereza iitwayo mild, asilimia 3.4 tu. Hii ya mwisho naona haya kuibeba. Haina nguvu, na kwenye joto la huku nani atataka bia nyeusi? Moyo wangu uko kwenye IPA, maana ndiyo inayoonyesha kazi yangu. Unanishauri nini?"

Ndugu yangu, beba hiyo unayoionea haya. Hata friji lako lingekuwa na aina kumi na nne, kwa mashimo 18 ya Houston mwezi wa saba ningekuonyesha hiyo hiyo mild. IPA nayo usiitupe mkono. Ina nafasi yake siku hiyo, ila si uwanjani.

Tuanze na hesabu, maana bia ya uwanjani huchaguliwa kwa hesabu kabla ya ulimi. Chupa ya kawaida ya Marekani ina mililita 355. Ikijaa bia ya asilimia 5, ndani mna gramu 14 hivi za kilevi, na hicho ndicho Wamarekani wanachokihesabu kuwa kinywaji kimoja kamili. IPA yako ina karibu gramu 20 kwa chupa. Mild yako ina gramu 9 na nusu. Watu wanne wakicheza mashimo 18 hutumia saa nne, au nne na nusu uwanja ukijaa. Mtu akinywa chupa tatu katika muda huo, wa IPA atakuwa ameingiza mwilini gramu 59, yaani vinywaji vinne na ushei. Wa mild ameingiza gramu 29, yaani viwili. Mwili wa mtu mzima kwa wastani huondoa kama kinywaji kimoja kwa saa, na wapo ambao miili yao huenda taratibu zaidi. Kwa hiyo wa mild anafika shimo la 18 akiwa karibu ni yule yule aliyeanza shimo la kwanza. Wa IPA, akifungua nyingine kabla iliyotangulia haijaisha mwilini, analimbikiza deni shimo hadi shimo, na linadaiwa mahali pabaya kuliko pote: kwenye ule mpira wa hatua mbili kutoka shimoni, usiohitaji nguvu bali mkono uliotulia.

Wengi wakisikia hesabu hii hunijibu kwamba basi watabeba IPA moja moja na kuinywa polepole. Nimepika bia kwa miaka 14 na njia hiyo nimeijaribu. Kwenye jua la nyuzi 35, mtu mwenye kiu hanywi polepole. Mkono hufuata kiu, haufuati mpango wa asubuhi. Na akijizuia kweli, bia iliyokaa nusu saa kwenye kishikio cha kigari haifai tena kunywewa. Dawa ni kubeba bia ambayo hata ukiinywa kwa kiu haikuumizi.

Sasa hiyo rangi. Naelewa haya yako imetoka wapi. Kwetu Afrika Mashariki bia nyeusi tuliyokua tukiiona ni Guinness ya chupa, ile Foreign Extra, ambayo kweli ina nguvu kuliko lager zilizokaa jirani nayo kwenye rafu. Kutoka hapo tukaamini kwamba weusi ndio ukali. Lakini Guinness ya kumiminwa, ile inayonywewa Ireland, ina asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Safari Lager, yenye rangi ya dhahabu, inazipita zote mbili kwa asilimia 5.5. Weusi wa bia hutoka kwenye kimea kilichokaangwa, na kimea hicho huwekwa kidogo sana: kwa lita 19, gramu 100 na kitu za kile kiitwacho kimea cha chokoleti (ni jina tu la rangi yake, hakina kakao) zinatosha kuifanya bia ifanane na chai kavu iliyokolea. Kilevi kinatokana na wingi wa sukari uliyompa hamira ale. Wewe ulimpa kidogo, na ndiyo maana ukapata asilimia 3.4. Hukukosea kitu. Mild inatakiwa iwe kati ya 3.0 na 3.8, na kwenye meza za mashindano nilizokaa kama jaji, mild ya asilimia 5 hupunguziwa alama kwa kuvuka mpaka.

Historia yake pia ikuondolee haya. Mpaka katikati ya karne ya 20, mild ndiyo iliyokuwa bia ya kila siku ya Waingereza wengi, na ngome yake ilikuwa eneo la Midlands, hasa pale karibu na Birmingham panapoitwa Black Country, penye migodi ya makaa na viwanda vya kuyeyushia chuma. Jina lenyewe halikumaanisha udhaifu. Iliitwa hivyo kwa sababu iliuzwa ikiwa changa, kabla haijakaa kwenye mapipa ikaingia uchachu, na katika karne ya 19 ilikuwa na nguvu za kutosha. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipunguza, nafaka zilipobanwa. Vita vikaisha, mild ikabaki nyepesi, na wafua chuma wakaendelea kuinywa kwa wingi, kwa kuwa mtu anayetoka jasho kutwa mbele ya tanuri anahitaji kinywaji kingi kisichomwangusha.

Jambo hilo kwetu si geni. Mimi nimekulia mlimani Kilimanjaro, na kila aliyekulia kule anajua kwamba mbege changa, yenye utamu wa ndizi na ulezi uliooteshwa, ni kitu kimoja, na mbege iliyoiva sawasawa ni kitu kingine. Ya kwanza mtu anakunywa akarudi kushika jembe. Ya pili ni ya kukaa chini na wazee. Gofu nayo ni kazi ya jua. Ukiyatembea mashimo 18 kwa miguu umepita kilomita nane au zaidi, na hata ukipanda kigari jua ni lile lile.

Hapo ni kilevi tu. Ningekuwa na sababu hiyo peke yake ningekuambia ununue lager nyepesi dukani. Ila mild ina sifa nyingine zinazoifaa gofu, na hizi ndizo zinazonifanya niipende kwa dhati.

Ya kwanza ni kwamba haiogopi kupata joto. Fikiria mwendo wa mchezo wenyewe. Unakunywa mafunda mawili, unaweka kikombe, unapiga, unakwenda kuutafuta mpira kwenye nyasi ndefu, unamsubiri mwenzako apige, unarudi. Dakika kumi na tano zimepita na bia imeshapanda nyuzi nyingi. Lager au bia ya Köln inataka iwe nyuzi 4 hadi 6. Ikifika 15 inakuwa kama maji ya mkate. IPA ikipata joto, uchungu wake unakwaruza na kilevi kinaanza kunuka wazi. Mild ilizaliwa kwenye vyumba vya chini ya baa za Kiingereza, inywewe ikiwa nyuzi 10 hadi 13. Ukiitoa kwenye barafu ikiwa 6 au 7 haijafunguka bado, na kadiri jua linavyoipasha ndivyo unavyoanza kupata ladha ya karanga zilizokaangwa, sukari guru, na kahawa kwa mbali. Kati ya bia zako nne, hii tu ndiyo inayopendeza zaidi katikati ya kikombe kuliko mwanzo.

Ya pili ni mwanga. Jua likizipiga zile asidi chungu za hopsi ndani ya bia, hutokea kampaundi yenye salfa ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chembe. Wamarekani harufu hiyo wameipa jina la mnyama wao anayenuka. Sisi tungesema kicheche. Haichukui siku, kwenye jua kali ni dakika chache. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na isiyo na rangi hazisaidii lolote la maana. Nimemwona mwenzangu akimimina IPA nzuri mno kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, akakitua juu ya kigari, na kabla hatujamaliza shimo hilo ilikuwa imeshanuka. Iliniuma, maana nilijua kazi aliyoifanya. Bia yenye hopsi nyingi ndiyo yenye malighafi nyingi ya uvundo huo. Mild ina hopsi kidogo. Hata hivyo usiipe jua nafasi: tumia vikombe vya chuma vyenye kifuniko.

Ya tatu ni mtikisiko. Kigari cha gofu kinapita mabondeni na kwenye mizizi, na chupa zinarukaruka kwa saa nne. Hapa ndipo bia yako ya ngano inapotoka kwenye orodha. Bia hiyo hupewa gesi nyingi, mara nyingi lita tatu na zaidi kwa kila lita ya bia, na hamira yake haikai chini. Ukiifungua shimo la saba, nusu itamwagika kwenye nyasi na nusu itakujaza tumbo gesi wakati unataka kuzungusha mwili upige. Mild inatosheka na lita mbili za gesi au chini ya hapo, na hamira ya Kiingereza hushikamana chini ya chupa kama tope lililokauka. Ukimimina taratibu ukaacha kidole kimoja chini, unapata bia safi.

Bia ya Köln ndiyo ya pili kwangu, na ningekuwa na mchezo wa jioni au wa mashimo tisa tu ningekuruhusu kuibeba bila kinyongo. Lakini angalia wenyewe wanavyoinywa. Pale Köln humiminwa kwenye glasi nyembamba za mililita 200, na mhudumu anakuletea mpya kila ukimaliza mpaka uweke kigae cha karatasi juu ya glasi yako. Glasi ni ndogo kwa sababu bia hiyo inataka iishe kabla haijapata joto. Ukiibeba, fanya vivyo hivyo: vikombe vidogo, chupa moja mgawane wawili.

Kabla ya yote hayo, piga simu uwanjani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978, aliyoitia saini Rais Jimmy Carter, inamruhusu mtu mzima kupika galoni 100 za bia kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, yaani lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kanuni za taifa zinaruhusu pia kuitoa nyumbani kwako kwa matumizi binafsi. Kuiuza huruhusiwi, kwa hiyo usipokee hata dola moja ya "kuchangia kimea" kutoka kwa hao watatu. Lakini haki yako ya kupika haikupi haki ya kuingiza pombe kwenye kiwanja cha mtu. Uwanja wenye leseni ya kuuza pombe kwa kawaida haukubali pombe ya nje, na usidhani ni uchoyo: leseni yao ndiyo inayowekwa rehani. Uliza kwa jina lako, uliza kabla ya siku, na wakisema hapana, iwe hapana. Usifiche chupa kwenye mfuko wa fimbo. Mtakunywa mild nyumbani baadaye, haiozi.

Wakikubali, swali linalofuata watakalokuuliza ni chupa za kioo, na wana haki. Kipande kimoja cha kioo kwenye nyasi kinaharibu mashine ya kukatia, na siku nyingine kinaingia kwenye mguu wa mtoto. Kwa kuwa mild yako imeshaingia kwenye chupa za kioo, fanya hivi. Zisimamishe wima kwenye friji siku mbili nzima, mashapo yatulie. Asubuhi ya mchezo, chukua chombo cha chuma chenye kuta mbili na kifuniko cha kubana, kile cha lita 1.9, kiache kwenye friji kwanza kiwe baridi, kisha mimina bia ndani yake ukikiinamisha, taratibu, bila kukatisha, ukiacha mashapo kwenye kila chupa. Chombo kimoja kinameza chupa tano na kubakiza nafasi ndogo juu. Utapoteza gesi kidogo, lakini mild inastahimili. IPA na ya ngano zingekuwa zimeshakufa hapo. Kisha kilaze kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Vipande vya barafu peke yake, bila maji, vinagusa chombo mahali pachache tu, wakati maji ya barafu yanakizunguka chote, na kinapoa haraka zaidi. Usikiache kwenye buti la gari hata dakika ishirini, maana joto la gari lililofungwa Texas linapandisha presha kwa namna ambayo hutaipenda.

Kiasi gani? Mmoja wenu atakuwa dereva wa kurudi, na huyo asinywe. Simaanishi apunguze, namaanisha asinywe kabisa, mpaka gari liwe limeegeshwa nyumbani. Mbebee kitu kizuri cha kwake, tangawizi ya kienyeji au chai ya baridi, asikae kama aliyeadhibiwa. Wanaobaki watatu, chupa tatu tatu, basi ni tisa. Vyombo viwili vinatosha na kuzidi.

Kuhusu saa za kunywa, mimi sifungui kitu kabla ya shimo la tano. Mashimo ya mwanzo ndiyo ya kuupata mwili, na maji yanafaa zaidi. Ya kwanza shimo la tano au la sita. Ya pili mkimaliza la tisa, na hapo mle kitu chenye chumvi na mafuta, sambusa au mishikaki iliyopoa. Mild na nyama vinapatana vizuri ajabu. Ya tatu karibu na la 14. Katikati ya kila moja kila mtu anywe nusu lita ya maji, kwa kulazimishana kama ikibidi. Kilevi huizuia ile homoni inayoziambia figo zitunze maji, na jasho la Houston linachukua mengine. Hata bia ya asilimia 3.4 haihesabiwi kuwa maji. Mtu akianza kuumwa kichwa au kuacha kutoka jasho, mchezo umekwisha: kivulini, maji, na msaada.

Na kwa kuwa mild umeshaipika mara moja, nikupe njia ya kuipika tena, kwa sababu ni bia inayokuwa tayari mapema. Kwa lita 19, chukua kilo 2.7 za kimea cha Maris Otter (shayiri ya Kiingereza), gramu 225 za kimea cha karameli cha daraja 60 la rangi, na gramu 115 za kimea cha chokoleti. Loweka kwa nyuzi 68 au 69, saa nzima. Hapa ndipo siri yote ya bia nyepesi ilipo, na wapikaji wengi hapa ndipo wanapokosea: wakiloweka kwa nyuzi 64, sukari yote inakuwa laini, hamira inaimaliza, na wanabaki na maji meusi. Kwa nyuzi 69 unaacha sukari ngumu ambazo hamira haiwezi kuzila, na hizo ndizo zinazoipa bia mwili, mdomo usihisi umedanganywa. Chemsha saa moja na gramu 28 za hopsi za Fuggle tangu mwanzo, basi, usiongeze nyingine. Ile togwa ya shayiri utakayoipata isome 1.036 kwenye kipimo cha kuelea kinachopima wingi wa sukari. Weka pakiti moja ya hamira ya S-04 kwenye nyuzi 18 au 19, na ikifika 1.010 na kusimama siku tatu bila kushuka, imemaliza. Wakati wa kuweka kwenye chupa tumia gramu 80 za sukari ya kawaida kwa lita zote 19, na safari hii chagua chupa za plastiki za kahawia, uzibebe zilivyo uwanjani bila kumimina asubuhi. Kutoka jikoni hadi kikombeni ni wiki tatu na siku chache.

IPA yako iache kwenye friji mpaka jioni. Mkishafika nyumbani, gari limefungwa, nyama iko kwenye mkaa na dereva naye amepata kikombe, hapo ifungue, imiminwe kwenye glasi ndogo ikiwa baridi, kivulini, watu wakiwa wamekaa na hawana mpira wa kuufikiria. Wataionja kwa utulivu na watakuuliza ulitumia hopsi gani. Na kabla ya kuanza kumimina asubuhi, andika jina la bia kwenye kila kizibo kwa kalamu ya wino mzito, maana chupa za kahawia zote hufanana saa kumi na moja alfajiri.